Kiwanja kwa Kiwanja

Mtu akiingia ukumbi wa michezo ya kompyuta kwa mara ya kwanza, huuliza bei ya saa moja, au huuliza choo kiko wapi. Mzee Bikoni aliingia kukwepa mvua. Alisimama nyuma ya kiti cha Rubani huku maji yakimdondoka kofiani, akaitazama skrini kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa humo ndani tangu ukumbi ufunguliwe.

"Eneo hili ni la nani?"

Wakati huo Rubani alikuwa angani, juu ya uwanda wa majani mabichi, vifaru viwili vikiungua chini yake. Swali lile lilimkosesha shabaha. Aligeuza shingo taratibu, akaona buti zenye tope, kalamu tatu mfukoni, futi ya chuma kiunoni, na bahasha ya kaki iliyobanwa kwapani. Dalali wa viwanja huyo, hakuhitaji kuambiwa. Mzee hakuwa ameona vita hata kidogo. Alikuwa ameona ardhi tambarare isiyo na nyumba, na Rubani, ambaye alinyimwa mengi lakini hakunyimwa pua, akanusa riziki.

Nikueleze habari za huyu Rubani mapema, asije naye akakuuzia kitu. Jina hilo alipewa pale ukumbini, maana ndege halisi alikuwa hajaigusa hata kwa kidole. Mchezo wake uliitwa Ardhi na Anga. Watu wa dunia nzima hukutana humo mtandaoni, wengine ndani ya vifaru, wengine ndani ya ndege, wakauana kwa adabu kwa dakika ishirini, kisha wakafufuka na kuanza upya. Kwa hilo alikuwa bingwa wa kweli, hapo tusimdhulumu. Miaka sita ya kukaa kitako ilimpa cheo cha jenerali na ndege kumi na nne ambazo wenzake waliziota tu.

Lakini ubingwa haupikwi, kwa hiyo aliishi kwa ulimi. Wageni aliwauzia ushauri, aliwauzia rangi za bahati, na alimuuzia fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara bima ya kifaru chake cha mchezoni, tena kwa risiti yenye mhuri. Kifaru cha fundi kiliungua siku hiyo hiyo. Alipokuja kudai, Rubani alimsikitikia sana, akamweleza kwamba bima ile inahusu wizi tu, mambo ya moto yana tawi lake. Fundi alikunja risiti, akaitia mfukoni, akasema siku ni nyingi.

Sasa, kama Rubani angekuwa anatafuta pesa ya kula tu, mzee yule angeweza kusubiri mvua ikatike akaenda zake salama. Ila Rubani alikuwa amebanwa. Alikuwa na mchumba, muuza dawa wa duka la kona ya soko, mwanamke mtulivu mwenye akili zake, aliyempenda Rubani kwa sababu ambazo hata mwenyewe alishindwa kuzieleza akiulizwa. Mchumba huyo alilelewa na shangazi yake, na shangazi hakutaka maneno mengi. Alitaka kiwanja, akikanyage kwa mguu wake kabla mwezi haujaisha. Mwanawe, alisema, hamtoi kwa mtu mwenye anwani ya kwenye kompyuta. Na mwezi ukiisha, kulikuwa na mwalimu mmoja aliyefiwa na mke, mwenye nyumba ya vyumba vitatu, aliyekuwa anapita dukani kununua dawa ya kikohozi asichokuwa nacho.

Rubani hakuwa na kiwanja hata cha kusimamisha mwavuli.

"Ni langu, mzee wangu," alijibu bila kupepesa. "Hicho ni kiwanja changu. Kiwanja cha ndege."

Akamvutia kiti. Akamweleza kwamba hii inaitwa Ardhi na Anga, na kwa neno hilo "Ardhi" mzee alivua kofia. Akamweleza kwamba vita ndiyo biashara yenyewe: kila ndege inayotua kuongeza mafuta humlipa mwenye kiwanja ushuru. Wakati huo huo ndege moja ikatua. Rubani akasema hiyo imelipa. Ya pili ikatua, na hiyo pia ikawa imelipa. Ya tatu ikajibamiza chini na kuwaka moto.

"Hiyo tunaidai," alisema Rubani.

Mzee aliuliza kama dalali. Kuna maji? Kulikuwa na mto, ulionekana. Barabara je? Iliharibiwa kidogo na mabomu, lakini inapitika. Na hao wanaotandikana mizinga kule mpakani ni akina nani? Majirani, alijibu Rubani, wana mgogoro wa zamani. Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema amewahi kuona ndugu wa baba mmoja wakifanya zaidi ya hayo kwa urithi wa mita kumi. Mwisho akasema yeye hanunui mbuzi kwenye gunia, hajawahi kugusa kiwanja ambacho hajaziona bikoni zake, yale mawe ya mpaka. Ikabidi jenerali mzima aruke hadi pembe nne za uwanda ule, risasi zikimpita masikioni, kumwonyesha mzee jiwe, daraja, ghala lililoungua na mzoga wa kifaru. Mzee aliziandika zote kwenye daftari.

Kesho yake hati ilikuwa tayari. Mhuri ulichongwa na mchonga funguo, una tai aliyevaa kofia ya chuma.

Mzee Bikoni aliipapasa, akainusa, akatoa shida yake. Pesa taslimu hana, ana ardhi. Kama kijana yuko tayari, basi iwe kiwanja kwa kiwanja. Rubani ilibidi ashike kiti ili asipae. Mzee akakisifu cha kwake: tambarare kama meza, hakina kisiki hata kimoja, upande mmoja uzio wa serikali, hakuna jirani wa kukupigia muziki, upepo saa zote, na kiko karibu sana na kiwanja cha ndege. Ukumbuke maneno hayo, maana hakuna hata moja lililokuwa uongo.

Jumatano walikwenda kukiona. Rubani alikuta nyika safi iliyofyekwa, uzio ulioangukia upande mmoja, ng'ombe wawili, mlingoti mtupu, na mstari mrefu wa mawe yaliyopakwa chokaa. "Mpaka bikoni zimepakwa rangi," alijisemea moyoni. Alimhurumia mzee wa watu, kisha huruma ikampita.

Walikabidhiana ukumbini. Mzee alikuwa msumbufu: alisema kwenye ardhi uhamisho ni uhamisho, basi neno la siri la akaunti ya mchezo libadilishwe, na namba ya simu, na barua pepe, na kila mlango ambao mwenye mali wa zamani angeweza kurudi nao. Rubani alikuwa amepanga kurudi na mlango huo huo baada ya siku tatu. Alisita kidogo. Zile ndege kumi na nne alizijua moja moja, kila moja na mlio wake, na kwa kweli zilimuuma. Lakini mchezo ni mchezo na kiwanja ni kiwanja. Akabonyeza. Mama mwenye ukumbi akatia sahihi ya shahidi, akawatakia wote maisha mema.

Jumamosi asubuhi shangazi alifika kiwanjani na viatu vya kutokea, mwavuli mkononi, uso umekazwa. Alitembea kiwanja chote. Alichota udongo akausugua kwa vidole. Alihesabu mawe meupe. Kila alivyokwenda uso ulilegea, na alipofika katikati alisimama, akachoma mwavuli ardhini, akatangaza kwamba hapa ndipo jikoni. Chumba chake cha wageni kingekuwa pale, mbali na moshi. Mchumba alimshika Rubani mkono mbele ya shangazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Rubani alijisikia mwenye furaha, furaha halisi, na katikati yake kukawa na aibu ndogo iliyomchoma. Alitamani angekipata kiwanja hiki kwa njia ya kueleweka.

Ndipo alipoinua macho akauona mlingoti. Jumatano ulikuwa mtupu. Leo umetundikwa soksi ndefu ya kitambaa, nyekundu na nyeupe, imejaa upepo.

Soksi ile aliijua. Alikuwa ameiona mara elfu kumi mchezoni, kando ya njia za kutulia, ila siku zote kutoka juu. Akayatazama mawe meupe, yamenyooka kwenda mbele mpaka yakapotea. Upepo ulitoka mtoni, soksi imelala kuelekea vilimani, na ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hiyo itakuja kutoka vilimani.

"Shangazi," alisema kwa upole, "tafadhali toka jikoni."

Shangazi alimtazama juu mpaka chini. "Hatujajenga, umeshaanza kunifukuza jikoni?"

Hakukuwa na muda wa kujitetea. Ilitokea kilimani, ndege ndogo ya kunyunyizia mashamba dawa, tumbo chini, magurudumu yamening'inia. Rubani aliwakumba wote wawili akawaangusha upande wa kulia, nje ya mawe, na kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba upande ulikuwa sahihi. Ndege ilipita juu ya jiko na chumba cha wageni, ikapaa tena kwa hasira, ikaondoka na mwavuli.

Mlinzi alikuja na baiskeli, akiuliza ni nani aliyewaruhusu kufanya kikao kwenye njia ya kutulia ndege. Rubani akatoa hati yake. Mlinzi aliisoma yote, hakucheka. Alisema Rubani ni wa tano mwaka huu, na kwamba wa nne alikuja na matofali.

Shangazi aliinuka, akajipangusa majani. "Nilisema nitakikanyaga, nimekikanyaga," alisema. "Sasa nipelekeni nyumbani."

Njiani mchumba aliuliza swali moja tu, kiwanja kile alikipataje. Rubani, kwa mara ya kwanza katika uchumba wao, alisema kweli tupu: mvua, uwanda, ushuru, mhuri wa tai. Pale pa bikoni mchumba alicheka, akacheka mpaka akajifuta machozi, na Rubani akaanza kupata matumaini. Kisha kicheko kikakoma.

"Kwa hiyo ulimpa mzee wa watu kiwanja kisichokuwepo," alisema, "na unalalamika kwamba kakupa kisichokalika. Mimi nilikuwa nilale wapi?"

Hakungoja jibu. Alifungua mkoba akatoa vidonge viwili vya maumivu, akamwekea kiganjani. Akasema ni vya mgongo, anywe baada ya kula, havilipiwi, na ndivyo vya mwisho.

Rubani alikwenda ukumbini mbio kumtafuta Mzee Bikoni. Hakumkuta. Alimkuta mama mwenye ukumbi akifuta vumbi kwenye kibodi, na mama alimweleza bila kuacha kufuta. Akaunti iliuzwa siku ile ile, kabla wino wa sahihi haujakauka, kwa tajiri mmoja wa mbali aliyezitaka zile ndege kumi na nne kwa udi na uvumba. Vitu kama hivyo vina bei kubwa, hakujua? Miaka sita amekalia mali, anahangaika kuuza upepo. Bei aliijua yeye mama, na ni yeye mama aliyemfuata dalali mpaka kwake. Mvua ya siku ile ilikuwa ya kweli, alisema, ila mengine yote yalipangwa.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Yule fundi baiskeli ni nani kwangu, unajua?" alisema mama. "Tumbo moja."

Rubani alikaa kwenye kiti chake cha zamani kwa kuwa hakuwa na pengine pa kukaa. Alifungua akaunti mpya. Mchezo ukampa kifaru cha wanaoanza, kibovu, kinachokwenda kama mtu aliyefumbwa macho, ukamweka kwenye uwanda ule ule wa majani mabichi. Hakufika hata kwenye daraja. Juu kwenye mawingu ilitokea ndege moja, mlio wake akautambua kabla hajaiona, na chini ya bawa lake limeandikwa jina: JENERALI RUBANI. Huyo tajiri wa mbali alikuwa na shabaha nzuri.

Kifaru kilipokuwa kinaungua, mkono wenye mafuta ya mnyororo ulipita juu ya bega la Rubani, ukaweka karatasi iliyokunjwa mezani. Ilikuwa risiti ya bima, na mhuri bado unasomeka vizuri.

"Uliniambia haihusu moto, inahusu wizi," alisema fundi baiskeli. "Nimekuachia. Nenda kadai."