Sufuria Nyekundu ya Bwana Harusi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku ya tisa ya ndoa. Mke wangu yuko kazini. Mke wangu. Nimeliandika mara mbili kwa sababu hakuna wa kunizuia.

Leo nimepika kwa mara ya kwanza. Mpaka jana tulikuwa tukila mabaki ya harusi. Asubuhi nikafungua kabati: wali wa jana, mayai matatu, nyanya mbili zilizoanza kulegea, kitunguu nusu, na kopo la pilipili ya unga tulilozawadiwa na shangazi, kubwa kama kopo la rangi. Basi. Mwingine angekata tamaa. Mimi ni mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, mwaka wa sita huu. Mteja akileta kipande cha kigae na kutaka ukuta ufanane nacho, namtengenezea mpaka anashindwa kujua kipi ni kipi. Sipimi. Natumia jicho. Nikajiambia jiko nalo litakuwa hivyo hivyo.

Nikakaanga kitunguu, nikaponda nyanya, nikatia wali, nikavunjia mayai juu. Sikuonja. Kwanza rangi huwa haionjwi. Pili, miaka sita ya kuvuta mivuke ya dukani imeniulia pua na ulimi pamoja. Chakula kilitoka kimepauka kama ukuta wa ofisi ya serikali. Nikachomoa kadi ya sampuli za rangi mfukoni, nikachagua ile iitwayo Tofali la Jioni, nikaongeza pilipili kijiko baada ya kijiko hadi vikalingana. Vijiko saba.

Mke wangu alirudi saa kumi na mbili kutoka kiwanda cha sare, anakoshona kola. Akala kijiko kimoja. Machozi yakamtoka, yakafika kidevuni. Akanishika mkono na kwa dakika nzima hakuweza kusema neno. Alipopata sauti aliniambia hajawahi kula kitu cha namna hii tangu azaliwe. Nimeduwaa. Sikujua kama nina kipaji.

Furaha haikudumu hata nusu saa. Mama mkwe akapiga simu. Huyu ni mpishi mstaafu wa shule ya bweni, amelisha watoto mia nne kwa miaka thelathini, na hajasahau kwamba siku ya posa nilisimama mbele ya familia mbili nikatangaza kwamba binti yake, asiyejua jiko, atapikiwa na mimi. Akasema mbio za harusi zilimkausha mtoto, atakuja Jumapili kumwangalia kwa macho yake. Akimkuta bado amekonda ataondoka naye akamrudishe mwili. Nikauliza kwa adabu ni kwa siku ngapi. Akasema mwezi, mkwe wangu, kwani nyama huota kwa siku mbili?

Mwezi mzima. Simu nusura initoke mkononi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mkakati: kulisha kwa nguvu. Nina likizo ya wiki mbili na sina kazi nyingine.

Leo viazi vya kuchemsha, siagi ya karanga iliyobaki chini ya kopo, limau, pilipili. Rangi: Kutu ya Dhahabu. Vijiko vinane, maana karanga hunywa rangi kama plasta mbichi. Nilipotupa pilipili kwenye mafuta ya moto, mlango ukagongwa. Ni jirani yetu, dereva mstaafu wa malori, macho mekundu, kitambaa puani. Akauliza kama tunafukiza kunguni. Nikamwambia ninampikia mke wangu. Akasema kijana wangu, mimi nimesafirisha tindikali miaka kumi na miwili, sijawahi kukohoa hivi. Wivu. Mkewe anampikia uji.

Laazizi wangu alikula vipande vinne na kunywa vikombe sita vya maji. Sita. Nimefurahi, maji nayo yanajaza. Baada ya kula akakaa kwenye cherehani, akapunguza kiuno cha gauni lake la bluu. Nilimtazama huku moyo wangu ukiyeyuka. Anajiumbia umbo kwa ajili yangu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimepata mshtuko ambao sijui nitauandika vipi.

Nilitaka ushahidi wa kumwonyesha mama mkwe, yaani kilo. Nyumbani hatuna mizani. Dukani kwetu ipo, ya kupimia misumari. Nikampitia mke wangu kazini jioni, nikamwambia nataka wenzangu wamwone. Kisha nikambeba mikononi kama bwana harusi anavyopaswa, nikapanda naye mizani. Mpango wangu ulikuwa kutoa uzito wangu, ubaki wake, naye asijue. Wafanyakazi wakapiga makofi. Bosi akauliza nani ataisafisha mizani.

Nikatoa hesabu kichwani. Nikairudia. Siku ya kupima gauni la harusi alikuwa na kilo hamsini na nane. Leo hamsini na tano na nusu. Nilisimama pale juu nimembeba hadi akaniuliza kwa upole kama nimechoka.

Alipoenda kutazama vitasa, nikamnong'oneza mwenzangu tunayemwita Brashi. Yeye ana talaka mbili, kwa hiyo ana uzoefu. Brashi akauliza anakula? Nikasema anakula huku analia kwa furaha. Akasema basi tazama anakokwenda baada ya kula. Mwanamke asiyeshiba kwake ana mahali anaposhiba. Nikamwambia mke wangu haendi popote. Tangu Jumatatu, kila jioni hutoka dakika kumi tu kununua uzi.

Brashi akaniuliza mtu anayefanya kazi kiwanda cha nguo ananunua uzi wa nini.

Nikaenda kumchukua mke wangu kwenye vitasa. 

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Tambi, kopo la samaki, kabichi robo. Rangi: Moto wa Tanuru. Alikula kidogo, akafuta machozi, akanibusu shavuni (shavu liliwasha hadi nikanawa), akasema anakwenda kununua uzi.

Nikamfuata. Jua lilikuwa bado halijazama, ikabidi nitembee nyuma ya mama mmoja aliyebeba godoro. Mke wangu hakusimama penye duka la uzi. Alikuwa karibu anakimbia. Akakata kona, akaingia duka la maziwa.

Nilijibanza nje nyuma ya kreti tupu. Nikaona yote. Muuza maziwa ni kijana mwenye mabega, wa aina ile inayokunja mikono ya shati bila sababu. Hakumwuliza anataka nini. Glasi ilikuwa tayari. Ilikuwa inamsubiri. Mke wangu akainywa yote kwa pumzi moja, macho kayafumba. Akapewa ya pili. Kisha uso wake ukalegea, ukawa na amani ile niliyoiona siku ya ndoa alipokubali. Nilidhani ni yangu peke yangu, amani ile.

Kisha wakacheka. Wote wawili.

Nimerudi nyumbani kabla yake. Alipoingia nikamwuliza uzi uko wapi. Akasema ulikuwa umekwisha. Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili timamu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimevaa koti la harusi nikaenda kumkabili muuza maziwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: kukana, vurugu, hata kupigwa. Sikujiandaa kwa alichosema.

Nilijitambulisha kuwa mimi ndiye mume. Muuza maziwa akaacha kusafisha glasi, akasema ahaa, ni wewe. Akanivutia kiti. Akaniambia dada yule huingia kila jioni mdomo unawaka, hawezi hata kusalimia mpaka glasi ya kwanza iishe. Siku ya kwanza alidhani ameng'atwa na nyuki. Akasema shemeji, samahani nikuulize kama ndugu, unampikia mke au unafukuza nyoka? Kisha akaniwekea mkono begani na kusema punguza pilipili, shemeji, mke mzuri yule.

Nilitoka pale nimepigwa na butwaa. Ujasiri gani huu. Mwanaume mzima anamtazama mume wa mtu usoni na kumshauri aharibu mapishi yake.

Jambo hili nimelifikiria kutwa na sasa naliona wazi. Kwanza, kati yao hakuna jambo baya. Mke wangu ni dhahabu. Pili, yule kijana anataka liwepo. Amejua kinachomliza mke wangu ni chakula changu, naye anataka nikipaushe kiwe kama maziwa yake, ili asiwe na sababu ya kunishika mkono tena.

Jioni nilipika dengu. Vijiko tisa. Hakwenda kununua uzi. Alilala mapema, kitambaa chenye maji kikiwa mdomoni. Nadhani ni mambo ya urembo.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Asubuhi mke wangu alikaa pembeni yangu kitandani na kuniambia mambo mawili.

La kwanza: hataki kuondoka. Mwezi mmoja bila mimi hauwezi. Aliposema hivyo alikuwa anavuta kona ya shuka kama mtoto, na nilitaka kutoka nje nikawatangazie watu barabarani.

La pili: akaniomba, kwa sauti ndogo sana, nipunguze pilipili.

Nikashtuka hadi nikakaa wima. Maneno yale yale. Yule kijana ameshamtilia sumu masikioni. Nilitaka kumweleza, lakini alikuwa ananitazama na ndoa ni kusikilizana, nikamwahidi nitapunguza. Nimepunguza. Kutoka vijiko tisa hadi vinane na nusu.

Baada ya hapo tukapanga pamoja, vichwa vikigusana. Yeye ndiye aliyetoa wazo, na nimezidi kumpenda. Kiwandani kwao kuna sponji za mabega ya makoti, zile zenye kasoro huwaachia wafanyakazi. Alikuwa nazo mfuko mzima. Mchana kutwa tumeshona sponji ndani ya gauni la bluu: kiunoni, mikononi, nyuma. Mimi nilikuwa nashika pini. Alipolivaa alikuwa na kilo sabini kwa macho. Akajizungusha mbele ya kioo na tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Hakuna mama mzazi atakayeona tofauti. Nasema kama fundi.

Jumapili, tarehe 10 Machi

 Naandika kwa utaratibu.

Saa saba mama mkwe alifika na mkoba mtupu, ule wa kubebea nguo za binti. Akamtazama mke wangu kuanzia juu hadi chini. Nikazuia pumzi. Akasema alhamdulillahi, mwanangu, mbona umenenepa mpaka mabega? Nikamkaribisha mezani haraka.

Maharage, nyanya, karoti moja. Kwa kuwa mgeni ni mgeni, ile nusu ya kijiko niliyoipunguza jana niliirudisha, pamoja na vijiko vitatu vya heshima. Rangi haimo kwenye kadi. Nimeigundua mimi.

Mama mkwe akatia kijiko mdomoni.  Nikaona jicho la kushoto linajaa machozi, kisha la kulia. Nikainamisha kichwa kupokea sifa. Badala yake ikatoka sauti kama ya bomba linalozibuka. Akakohoa, akakamata kitambaa cha meza, sahani zikaja nacho. Mke wangu akaruka kumpigapiga mgongoni. Alipoinua mkono, mshono wa kwapa ukaachia. Sponji moja ikaanguka ndani ya bakuli la maharage. Ya pili ikafuata. Ya tatu ikatokea kiunoni, ikabaki inaning'inia.

Mama mkwe akanywa jagi zima la maji. Akajifuta. Akaishika ile sponji, akaivuta, na nyingine, na nyingine, kama mtu anayenyonyoa kuku. Zikafika kumi na nne. Chini ya hapo alibaki mke wangu, mwembamba, mzuri, na analia.

Nilipiga magoti. Nikasema mama, usimchukue, kosa ni langu, nilishika pini. Mke wangu naye akapiga magoti. Akasema mama, siendi. Nitakunywa maziwa lakini siendi.

Mama mkwe akaiweka sponji ya mwisho mezani. Akauliza nimebakiwa na likizo siku ngapi. Nikasema saba. Akasema vizuri, lakini hakumwambia binti afungashe nguo. Mkoba akanitupia mimi. Akasema inuka, mkwe. Nimefundisha wapishi wenye vichwa vigumu kuliko wewe. Utakaa kwangu siku saba, na pilipili utaiona ukutani tu, kwenye picha ya kalenda.

Sijawahi kupigwa na radi ila sasa najua. Kilichoniumiza zaidi ni mke wangu. Alinikunjia mashati yangu mwenyewe, haraka, huku akiimba. Akanikumbatia mlangoni na kuniambia nijifunze vizuri, mpenzi. Jirani alikuwa kibarazani. Akanipungia kitambaa.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kwa mama mkwe. Saa ya kwanza: kumenya. Saa ya pili: kumenya. Nikamwuliza rangi inayotakiwa, akanipiga kisogoni kwa mwiko, si kwa nguvu. Akasema chakula huonjwa, baba, hakitazamwi. Kila nikitia chumvi ananilazimisha kuonja. Naonja. Sisikii kitu. Namwambia kitamu.

Nimemwangalia anavyopika, na nasema kwa uchungu maana sasa ni mama yangu: chakula chake ni cheupe. Miaka thelathini watoto mia nne wamekula chokaa. Yeye hajui. Hakuna aliyewahi kumwonea huruma akamwambia.

Leo mchana amealika wapishi wenzake wastaafu, wanawake saba. Sufuria kubwa ya maharage. Akatoka kwenda kuwapokea njiani, akaniachia niangalie yasiungue. Dirishani kwake kuna kopo lenye mche wa pilipili, zile ndogo nyekundu, anazoziweka kama maua. Mche umejaa, hakuna anayeuchuma. Jambo la kusikitisha.

Nimezichuma zote. Nimesaga, nimetia, nimekoroga mara mbili. Nataka awe na siku moja ya kusifiwa kabla mimi sijaondoka. Mke wangu akisikia atajivunia mwanaume aliyempata.

Nasikia viti vinavutwa sebuleni. Mama mkwe anawapakulia, anawaambia leo amesaidiwa na mkwe. Vijiko. Kimya kile ninachokijua.

Mmoja tayari analia. Nimeshtuka. Sikutegemea mafanikio ya haraka hivi.