Kanuni ya Saba ya Zeze

Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, Idara ya Kuhuisha Urithi ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba zeze limekufa, na kwamba litazinduliwa upya Ijumaa ya wiki inayofuata, saa nne, mvua inyeshe isinyeshe.

Mtu pekee ambaye hakuwa na habari za msiba huo ni Bi Zeze, ambaye saa hiyo alikuwa akitengeneza moja. Chumba chake kilikuwa katikati ya kinyozi na duka la vioo. Humo babu yake, kisha baba yake, kisha yeye mwenyewe waliwamba ngozi juu ya vibuyu kwenye benchi lile lile, mpaka ubao ukaingia shimo pale kinapokaa kiwiko.

Kazi ya kufufua alipewa Mkurugenzi Msaidizi. Huyu alikuwa mtu mwema, mwenye suti mbili na kiu moja: neno "Msaidizi" litoke kwenye kibao cha mlango wake. Lilikuwa limeng'ang'ania pale miaka tisa kama kupe. Mkubwa wake alimwambia waziwazi kwamba zeze likizinduliwa, neno litatoka.

Akaenda chumbani kwa Bi Zeze pamoja na Mtaalamu wa Taswira, bwana aliyevaa viatu bila soksi kwa sababu za kitaalamu.

"Tumefanya utafiti, Bi," Mtaalamu alianza. "Zeze lina uzi mmoja tu."

"Ndiyo."

"Sisi tunaliona hilo kama changamoto."

"Mimi naliona kama zeze," alisema Bi Zeze, akaendelea kukwangua kibuyu.

Utafiti ulibaini pia kwamba kizazi kipya hakina muda wa silabi mbili. Kwa hiyo chombo kingeitwa Ze. Chumba kingewekwa vioo vyeusi kiwe Kituo cha Uzoefu wa Ze. Bi Zeze angepandishwa cheo awe Balozi wa Hisia, na ofisi yake ingekuwa ghorofa ya nne ya jengo ambalo kwa sasa lilikuwa na ghorofa mbili.

"Na mazeze nani atakuwa anayatengeneza?" aliuliza Bi Zeze.

Suala hilo lilipelekwa kwenye kamati ndogo.

Mkurugenzi Msaidizi akasogeza karatasi za kutia saini, kurasa arobaini na moja. Bi Zeze akavaa miwani, akazisoma zote. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika historia ya Idara, na wageni walikaa saa mbili bila kujua waangalie wapi.

"Nikikataa?"

"Chumba kinachukuliwa, mama."

"Nikikubali?"

"Kinachukuliwa kwa heshima."

Bi Zeze aliweka kiwiko kwenye lile shimo la benchi. Jibu hilo lilimuuma, na hakuficha. Kisha akasema ana jambo moja tu.

"Kwetu, tangu enzi za babu, zeze halitoki humu mpaka mwenyewe alipige likalia. Si lazima apige vizuri, ila lilie. Akishindwa, arudi Jumanne nimfundishe. Na benchi halisogei hata shibiri moja wakati zeze la mtu linamsubiri mwenyewe. Andikeni hilo, nami natia saini."

Mtaalamu nusura alie. "Huo ndio uzoefu wa mteja!"

Likaandikwa papo hapo kuwa Kanuni ya Saba, chini ya zile sita za Idara. Mkurugenzi Msaidizi, aliyependa sentensi zinenepe, aliongeza kwa mkono wake mwenyewe: "mteja wa cheo chochote." Lilisikika kama sheria. Alirudi ofisini akipiga mluzi.

Ijumaa ikafika, na turubai mbele ya chumba cha Bi Zeze, na viti, na kanuni zote saba juu ya bango refu kuliko mlango. Waziri alikabidhiwa zeze la kwanza la zama mpya. Akapigwa picha, akalibana kwapani, akageuka kuelekea kwenye gari.

"Mheshimiwa," Bi Zeze aliita kwa upole, "hujalipiga."

Waziri akacheka, na watu wote wakacheka. Bi Zeze hakucheka, nao wakaacha mmoja mmoja. Waziri akashika upinde, akauvuta kwenye uzi. Ikatoka sauti ya bawaba ya mlango wa choo. Akavuta tena. Mlango ukafungwa.

"Bado," alisema Bi Zeze, akilichukua zeze. "Jumanne saa kumi, mwanangu. Usivae pete."

Umati ukageuza shingo kusoma bango. Waziri naye alisoma, taratibu, kisha akauliza bila kugeuka, "Hilo neno la cheo chochote aliliweka nani?"

Mkurugenzi Msaidizi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haikuwa na fungu la kazi hiyo.

Kuvunja kanuni mbele ya waandishi wa habari hakukuwezekana, na kwenda Jumanne hakukuwezekana zaidi. Siku ya Jumatatu ikatoka barua yenye mihuri mitatu: Mheshimiwa amemteua Kaimu Mwanafunzi, atakayejifunza kwa niaba yake. Jina la kaimu halikumshangaza mtu.

Basi kila Jumanne Mkurugenzi Msaidizi alivua koti, akakaa kwenye kigoda, akapiga bawaba. Bi Zeze alimrekebisha kiwiko bila kumcheka. Kinyozi ndiye aliyecheka kwa niaba yake. Taarifa ya wiki ya kwanza ilisema: "Sauti imejitokeza." Ya wiki ya tano: "Majirani wameshirikishwa."

Wiki ya kumi na moja, zeze likalia. Sauti ilitoka ndefu na laini, ikajaa chumba, na kinyozi akazima mashine yake asikilize. Mkurugenzi Msaidizi alifurahi kuliko siku yoyote tangu aajiriwe. Kisha furaha ikamkauka. Zeze likilia linatoka, na likitoka, benchi linasogezwa. Mafundi wa vioo vyeusi walikuwa mlangoni tayari, wanapima dirisha.

"Nimefaulu?" aliuliza, akiogopa jibu.

"Vizuri sana, mwanangu. Hili zeze ni la nani?"

"La Mheshimiwa."

"Basi yeye bado."

Mkurugenzi Msaidizi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa tai. Siku hiyo aliandika taarifa fupi kuliko zote za maisha yake: "Kaimu amefaulu. Aliyebaki ni Mheshimiwa."

Lakini aliwajua wakubwa zake. Wangeweza kumfundisha Waziri kwa siri, au kulikana zeze lenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuondoka aliagiza la kwake.

Lilikamilika zamani na lipo benchini mpaka leo, kama lilivyo neno "Msaidizi" mlangoni kwake. Kila Jumanne anakwenda kulipiga, na analipiga vibaya, kwa bidii na uadilifu wote, kama alivyoapa siku ya kuajiriwa.