Plasta Bila Sindano

Jumatatu, 9 Juni
Mjukuu wangu wa kwanza anakuja kukaa kwetu Jumamosi. Binti yangu alijifungua kabla ya wakati, mtoto mdogo kama kiatu. Furaha ilidumu mpaka mke wangu aliporudi kutoka zahanati. Nesi kamwambia huu ni msimu wa mafua, na mtoto wa umri ule hachanjwi. Basi wachanjwe wale watakaomkaribia. Mke wangu kachanjwa palepale, karudi, kawasha jiko kama mtu aliyetoka sokoni. Kisha akauliza mimi nakwenda lini.

Nikasema kesho.

Wallahi sijui watu wananionaje. Mimi ni fundi wa makochi. Kutwa nashika sindano ndefu kama kiganja, natoboa ngozi, natoboa turubai. Sindano siiogopi. Naogopa ikigeuka kuja upande wangu.

Jumanne, 10 Juni
Nilifika. Hilo liandikwe. Nilikaa kwenye benchi la zahanati, nikavuta pumzi. Mlango ukafunguka, akatoka mpakia mizigo mmoja, kifua kama kabati, kashika mkono na uso umempauka. Nikatoka nje kupata hewa. Hewa ilikuwa nzuri, nikaifuata mpaka karakanani kwangu.

Nyumbani nikasema dawa imeisha. Mke wangu akashangaa, maana jirani yetu alichanjwa saa hiyohiyo.

Jioni akaja Mzee Tai. Huyu ndiye baba wa mkwe wangu, yaani babu mwenzangu, mwalimu mstaafu anayevaa tai hata akienda kununua mkaa. Alikunja shati kutuonyesha alipochomwa. Ni kama kuumwa na mbu tu, alisema. Halafu kwa upole wa kukera akaongeza kwamba, kwa kuwa mimi bado, ni sawa yeye awe wa kwanza kumbeba mtoto.

Mtoto wa binti yangu! Chini ya paa langu!

Jumatano, 11 Juni
Nimepata njia. Nimechukua pamba kidogo kwenye mto wa kochi, na plasta kwenye kopo la dharura. Nimebandika begani. Safi kuliko ya Mzee Tai.

Niliingia nyumbani nikiwa nimelegea kiasi. Mke wangu alinipa pole, akanikataza kubeba ndoo, akanipakulia nyama kubwa. Kasema alijua mimi si mwoga. Nikaila yote, mpaka mfupa.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Mbona hatuwasikilizi?

Jumamosi, 14 Juni
Mtoto kafika. Nilinawa mikono mpaka viwiko kisha nikanyoosha mikono kabla Mzee Tai hajamaliza kuvua koti. Nikapewa.

Sikujua kuna kitu chepesi hivi duniani. Mto wa kochi usiotiwa sponji una uzito zaidi. Alikuwa kafumba macho, midomo ikifanya kazi peke yake. Akanishika kidole gumba, kile chenye sugu ya uzi, akakikaza kama mtu anayesema usiondoke. Binti yangu akacheka na kusema kamjua babu yake.

Mzee Tai alibaki na koti mkononi. Ilitakiwa niifurahie hiyo sehemu. Sikuikumbuka.

Jumapili, 15 Juni
Koo linakereketa.

Ni vumbi la sponji. Lazima ni vumbi. Lakini Alhamisi alikuja mteja kuleta kiti, akapiga chafya tangu mlangoni mpaka alipoondoka, na mimi nikamsogelea kupima kitambaa.

Asubuhi mtoto naye kapiga chafya. Moja. Binti yangu akasema watoto wachanga hupiga chafya, ni kawaida. Nikaangalia kidole gumba changu.

Nimewaambia nina kochi la haraka la maharusi, nitalala karakana. Hakuna kochi. Hakuna maharusi. Kuna mimi tu na koo langu.

Jumatatu, 16 Juni
Homa. Mwili unatetemeka kama cherehani bovu. Nimejilaza kwenye kochi la mteja, namwomba Mungu iwe malaria.

Mchana mkwe wangu akaja mbio. Mtoto amekuwa wa moto, hataki kunyonya, wamempeleka hospitali. Nilijifunga leso usoni nikaenda. Sijui nilipita njia gani.

Chumba kilikuwa kimejaa watu wangu. Nikabaki mlangoni. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliuliza kama kuna mgonjwa nyumbani, na kama wote waliombeba mtoto wamechanjwa. Mke wangu akajibu kwa fahari kwamba wote, hata mume wake, naye huyo huwa anakimbia sindano. Mzee Tai akaitikia kwa kichwa kuniunga mkono. Yeye, kuniunga mkono!

Ningeweza kunyamaza. Nakiri humu kwamba nilianza kunyamaza. Kisha nikamwona mtoto kitandani, mdomo wake umetulia, haufanyi ile kazi yake.

"Daktari," nikasema, "mimi nina plasta tu. Sindano sikuchomwa. Na nina homa tangu asubuhi."

Binti yangu akageuka, taratibu.

"Baba," alisema, "lakini ulimbeba."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Daktari akanishukuru kwa kusema, akaniambia nitoke nje.

Jumatano, 18 Juni
Mtoto ni mzima. Vipimo havikukuta mafua. Alizidiwa na joto: kafunikwa blanketi mbili, na ndani yake sweta nene, zawadi ya Mzee Tai. Walipomfunua akapoa, wakamchunguza siku nzima, akanyonya kama mtu anayedai haki yake.

Mimi ndiye niliyekutwa na mafua halisi. Nalala karakana, mifupa inauma mpaka ya masikio. Mke wangu analeta uji, anauweka mlangoni, anaondoka. Binti yangu haleti chochote, hata salamu. Nimepiga hesabu ya mateso: sindano ile ingekuwa imeisha zamani. Lakini hofu haijui hesabu.

Mzee Tai alikuja, akakaa nje dirishani. Nilidhani kaja kunicheka. Akasema tangu aambiwe habari ya sweta hapati usingizi. Tukabaki vile mpaka giza likaingia, kila mtu na lake.

Ijumaa, 27 Juni
Nimepona. Mke wangu kanishika mkono kunipeleka zahanati, kwa namna ambayo polisi hushika. Nilijaribu kusema kwamba aliyeumwa mafua hahitaji tena chanjo. Nesi akasema mafua yana aina nyingi, na nimeumwa moja tu.

Nikaketi. Nesi, aliyejua kazi yangu, akaniuliza kwa nini kiti chake kinazama upande mmoja. Nikamweleza: springi imechomoka kwenye mkanda, inabidi kufungua chini. Nikamwuliza atanichoma lini. Akasema kashanichoma.

Hapo ndipo nikazimia.

Nilipoamka akanipima presha, akaniambia kinga huchukua kama wiki mbili kukomaa. Wiki hizo nitamwangalia mtoto kupitia dirisha.

Jumapili, 13 Julai
Leo binti yangu alitoka chumbani na mtoto. Alinitazama kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe akakunja mkono wa shati langu, akatazama bega, ingawa hapakuwa na cha kuona. Kisha akaniwekea mtoto mikononi. Kawa mzito, mshenzi huyu mdogo. Nililia kidogo. Nikasingizia sponji.

Nimeandika humu na naapa: sitamdanganya tena mtu yeyote katika familia yangu.

Tatizo ni nesi. Presha haikumpendeza. Anataka nirudi Jumanne wanitoe damu, tena kwa kuivuta, kichupa kizima. Nimekosa usingizi.

Lakini ninaye mdogo wangu. Tumefuatana, sura moja, ndevu zilezile, na yeye haogopi chochote. Nimemwomba aende na kadi yangu. Huyo nesi hatadanganywa hata kidogo. Baba mmoja, mama mmoja. Damu yetu si ni moja?