Ofisi Iliyo Nyuma ya Uji

Kabla jogoo hawajaamka hapa Kalama, nyumbani kwetu husikika mwiko ukikwaruza sufuria. Ni Kasiva, mke wa mwanangu, anakoroga uji wa wimbi. Unga huuchekecha mimi jioni. Mwanangu Muema hufunga mitungi kwenye baiskeli na kuipeleka Machakos mjini, mahali petu pa miaka yote: benchi moja kando ya nguzo ya stima.

Asubuhi moja gari la kipaza sauti lilipita likitangaza habari kubwa. Idara ya Unadhifu wa Mandhari ya Barabara ilikuwa imezindua Mkakati wa Kukutana na Mchuuzi. Sheria inasema mchuuzi asiondolewe kabla hajasikilizwa, na Idara inaiheshimu sana sheria. Kwa hiyo ilipanga kumsikiliza Kasiva kwanza. Aliteuliwa kwa ajili ya ukaribu, maana lango la bati lililokuwa nyuma ya benchi lake lilikuwa lango la Idara yenyewe.

Siku ya mkutano nilikuwapo, nimeketi mwisho wa benchi. Wakubwa walitoka langoni kwa magari matatu, wakatupita, wakaenda hadi Kyumbi, nje ya mji, wakageuza, wakarudi, wakashuka mbele yetu. Watu walicheka. Mimi niliona ni adabu. Mgeni wa heshima hawezi kukutokea mgongoni.

Mkurugenzi, Bwana Bartholomew, ni mtu wa huruma. Aliponiona nimekaa juani aliamuru mwavuli ufunguliwe, akasimama chini yake yeye, ili angalau nikione kivuli.

"Wewe ndiye mchuuzi?" alimuuliza Kasiva.

"Ndiyo," Kasiva alisema, huku akimmiminia uji.

"Uko na uhakika?"

"Bwana, unakunywa hapa tangu uandikwe kazi."

"Hilo halimo kwenye ajenda. Taja changamoto zako."

"Niko na ombi moja tu. Niachwe hapa. Wateja wananijua hapa. Hii ndiyo shamba yetu, ile ingine mvua imeitoroka."

"Ombi lako limepokelewa," alisema, akanyoosha kikombe aongezewe. Uji nao ulipokelewa.

Kesho yake matokeo yalitangazwa. Utafiti wa kina ulikuwa umeonyesha kwamba benchi letu linaizuia Idara kuonekana na wananchi. Kibao chenye jina la Idara kilikuwa bado hakijaja, kiliagizwa Muema akiwa hajaoa. Ili Idara ionekane, uji uondoke.

Aliyetumwa kutuondoa ni askari Musembi. Huyo simsahau. Alikuta mzee mmoja bado anakunywa, na uji ulikuwa moto. Musembi akasimama kando akiitazama barabara, kana kwamba ametumwa kuitazama, mpaka mzee akamaliza na kupangusa ndevu. Ndipo akaliinua benchi polepole kama mtu anayebeba mgonjwa. "Nisamehe, mwaitu," akaniambia, na kwetu mwaitu ni mama. Benchi likafungiwa stoo kama ushahidi.

Muema alijaribu kuzunguka na mitungi, leo sokoni, kesho stendi, lakini mteja wa uji hamtafuti mtu. Hujua alipo. Uji ulirudi nyumbani umechacha. Mwishowe mwiko ukanyamaza. Kasiva aliendelea kuamka saa ile ile kwa mazoea, akikaa jikoni bila kuwasha moto, nami nikikaa naye.

Huko mjini Idara ilistawi. Foleni iliisha. Malalamiko yaliisha. Walikata keki kwa sababu wananchi walikuwa wameridhika. Jambo dogo tu halikutajwa. Malango ya mtaa ule yote ni ya bati, na hakuna lenye jina. Mji mzima ulizoea kuelekezana hivi: "Ofisi ya Mandhari? Enda mpaka kwa uji wa Kasiva, hapo nyuma." Sasa watu walifika, wakatafuta uji, wakaona nguzo, wakarudi makwao.

Kisha wakaja wakaguzi kutoka Nairobi, wale wanaosaka wafanyakazi hewa, watu wanaolipwa mshahara na hawapo. Walimpigia simu Bwana Bartholomew wakiwa njiani.

"Ni rahisi," aliwaambia. "Mkifika, ulizeni uji. Kila mtu anaujua."

Wakauliza. Mwendesha bodaboda akawajibu, "Uji? Huo ulitolewa. Hapo siku hizi hakuna kitu."

Walimpigia tena, lakini alikuwa amezima simu. Alikuwa kwenye warsha ya kuongeza mwonekano wa Idara. Wakaipiga picha nguzo, wakaondoka. Taarifa yao ilisema Idara haipo, wafanyakazi wake ni hewa, na mkurugenzi wake, kama yupo, hajui ilipo. Mishahara ikasimama. Bwana Bartholomew alikwenda Nairobi kujieleza, akaambiwa kwa upole kwamba ofisi ya huko haihudumii watu wasiokuwapo.

Ndivyo alivyofika Kalama kwa miguu, viatu vyekundu kwa vumbi, ameshika upande mmoja wa benchi letu na Musembi upande wa pili. Nilimpa kiti cha kivulini.

"Wewe ndiye mkurugenzi?" nilimuuliza.

"Ndiyo, mwaitu."

"Uko na uhakika?"

Alitazama viatu vyake. "Uhakika sina. Niko na Musembi tu."

Muema akaenda kucheka nyuma ya nyumba.

"Wakaguzi wamekubali kurudi Jumatatu," Bwana Bartholomew akamwambia Kasiva. "Niko na ombi moja. Rudi pale pale. Wakikuona wewe, watatuona."

"Ombi lako limepokelewa," Kasiva alisema, akaendelea kupeta wimbi. Alipomaliza ungo mzima aliuliza, "Na kibao chenu kikija?"

"Hakiji. Nimefuta oda yake."

Jumatatu mwiko ulikwaruza sufuria. Wakaguzi waliuliza uji, wakaelekezwa, wakakaa kwenye benchi, wakanywa. Idara nzima ilijipanga langoni kwa tai, kama watoto wanaongoja chanjo.

"Mama, unawajua hawa?" mkubwa wa wakaguzi aliuliza.

Kasiva alianza na Musembi. "Huyu yupo," alisema. "Huyu yupo sana." Akawapitia wengine mmoja mmoja. Alipofika kwa Bwana Bartholomew alikoroga uji kwanza.

"Huyu alifika kwetu mara moja," alisema.

Mkaguzi akaandika: yupo, kwa muda. Atathibitishwa upya kila mwezi, hapo hapo kwenye benchi.

Siku hizi jioni ikifika, Bwana Bartholomew hutoka mwenyewe langoni. Hutusaidia kufunga mitungi kwenye baiskeli, akavuta kamba aone kama imekaza. Ana mikono mizuri ya kazi, sijui kwa nini aliificha miaka yote hiyo. Kisha husimama kando ya nguzo mpaka tunapokaribia kona, ndipo hutuita.

"Mwaitu, kesho mtatutembelea tena?"