Yah: Nadharia ya Binti Yangu na Ng'ombe Wasioonekana

Butiama, Mara

Kwa Profesa anayemsimamia binti yangu Debora katika shahada ya uzamivu ya fizikia,

Mheshimiwa,

Natumaini chuo kizima mnaendelea vizuri. Sisi huku mvua imenyesha na mihogo imekubali. Mimi ni baba yake Debora, mwalimu mkuu mstaafu, na siyo mtu wa kulalamika ovyo. Lakini nadharia mnayomfundisha imeingia nyumbani kwangu na inanivunjia heshima. Naomba uibadilishe kabla ya Pasaka.

Alipokuja likizo alitueleza vizuri. Supasimetria ni kanuni inayoipa kila chembe mwenza wake, na ukiiunganisha na nguvu ya uvutano unapata supagraviti. Hapo sikuwa na neno. Ila yeye anashughulika na ile aina ambayo mwenza mmoja, yule wa chembe iitwayo goldistino, hayupo kabisa. Nafasi yake inashikwa na goldistino wawili wakikaa pamoja. Kanuni haijafutwa, imejificha tu, na hesabu zote zinakubali. Baadaye gravitino, mwenza wa chembe ya uvutano, anamla goldistino na kupata uzito. Kwa ulaji huo sina ugomvi. Ninayolalamikia ni haya:

1. Kwaya ya parokia. Debora aliwasimulia vijana nadharia yake baada ya mazoezi. Jumapili iliyofuata besi wote hawakuja. Walituma salamu kwamba sauti yao ipo, imejificha, na kwamba soprano wawili wakisimama pamoja wanatosha kushika nafasi yao. Padri alitega masikio misa nzima.

2. Mke wangu Jenoveva ananiwekea ugali na mchuzi, anasema samaki yupo. Sato wa Musoma, Mheshimiwa, siyo kitu cha kukisia.

3. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Debora amechumbiwa na Enos, mnunuzi wa pamba kule Bunda. Siku ya kuleta ng'ombe wa mahari ukoo mzima ulijaa uani. Wakwe wakashuka kwenye gari mikono mitupu. Enos alisimama kwa adabu zote akaeleza kwamba uhusiano wa koo zetu umekamilika, ng'ombe wamo ndani ya kanuni, ila hawaonekani mmoja mmoja. Niligeuka nikitegemea binti yangu amkosoe. Debora alikuwa analia kwa furaha, eti hajapata mwanaume aliyemsikiliza kiasi hicho.

4. Tangu hapo jirani yangu Burito hanisalimii bila kuniuliza hali ya ndama. Nimeaibika na nimekasirika, nasema wazi. Sisi tulikuwaga watu wa kushika pembe kwa mkono ndipo tunasema ng'ombe kafika.

Kwa hiyo naomba umrudishe huyo mwenza kwenye nadharia, aonekane, awe na jina. Ikishindikana, Debora asimamishwe masomo, na ndoa hiyo sitaibariki. Asiyekuwepo hawezi kushika nafasi katika familia yenye heshima. Hilo halihitaji hesabu.

Nisalimie walimu wote, wapishi, mlinzi wa getini na mama watoto wako.

Mimi mzazi niliyeumizwa na sayansi,
Mwalimu Baltazari Mugeta

N.B. Kabla sijafunga bahasha, dada yangu Matrida ameisoma barua, akaniuliza huyo Mugeta niliyemwandika baada ya jina langu ni nani. Mugeta ni baba yetu. Bibi yetu Rhobi hakujaliwa mtoto wa kiume, akamtolea mama yetu mahari kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, awe mke wa mwana ambaye bibi hakuwahi kumzaa. Mwana huyo wakampa jina Mugeta. Sisi tukazaliwa tukiitwa wanawe, tukalima shamba lake, na kila Novemba namwombea misa ya marehemu. Basi huyo mwenza mwacheni alipo. Debora aendelee na masomo. Enos nitamwita mwenyewe. Mugeta hakuwepo duniani hata siku moja, Profesa, na mimi sijawahi kukosa baba.