Sindano ya Fundi Makochi

Jumatatu, 4 Machi
Asubuhi ya mawingu na manyunyu. Upepo hakuna.

Mume wangu amelala tena kazini. Safari hii juu ya kochi la mteja, mwalimu mkuu mstaafu, aliyepita karakana kuulizia kochi lake limefikia wapi. Akamkuta fundi kajinyoosha juu ya springi tupu, nyundo kifuani. Nikawahi kusema anapima uimara. Mwalimu mkuu akasema kochi limefaulu, je, fundi?

Swali zuri. Majibu ya damu yametoka: homoni ya kiume, testosteroni, iko chini. Ndiyo sababu ya uchovu, ukimya, na mengine ambayo shajara hii haina haja ya kuyajua. Daktari anataka damu ya pili, ya asubuhi, kabla ya saa nne, baada ya usingizi mzuri. Ikithibitika, mume wangu ataamua kama aanze kuongezewa homoni hiyo kwa sindano.

Mimi nimeshaamua. Aanze. Nataka nimsikie tena akipiga mluzi akigongelea misumari. Yeye nilipomuuliza alijibu tutaona. Katika nyumba hii "tutaona" ni "hapana" iliyovaa tai. Basi lazima asaidiwe kuamua, bila kujua kwamba anasaidiwa.

Jumanne, 5 Machi
Jua kali tangu alfajiri.

Wifi kaja bila hodi. Huyu dada wa mume wangu ana dawa ya kila ugonjwa, zote za unga, zote rangi moja. Kasema kaka yake si gari la kuongezwa oili. Nikamjibu kwa adabu kwamba basi na unga wake si petroli. Akacheka kwa pua, akamwachia kaka yake kopo zima.

Dawa isiyojulikana na kipimo kinasubiriwa! Kopo nimelichukua alipotoka. Kabati hapana, wifi hupekua makabati. Nimelitumbukiza ndani ya mto wa kochi la mwalimu mkuu, katikati ya sponji, nikafunga zipu. Nitalitoa kesho. Nimejipongeza kwa chai.

Jumatano, 6 Machi
Mawingu. Joto la kunata.

Mpango wa leo: shahidi. Fundi bomba wa mtaa wa pili anachomwa sindano hizo hizo mwaka wa pili sasa, na anapanda ngazi kama paka. Nimemwomba aje na kigoda kibovu, ajifanye mteja, kisha aisifu tiba kama kwa bahati mbaya.

Kaja. Kigoda kizima kabisa. Kakaa, kasema, "Shemeji kaniambia nikwambie habari za sindano." Kwa bahati mbaya, kweli! Nikakimbilia nyuma kwenye cherehani na kukanyaga pedali kwa nguvu nisisikie aibu yangu.

Kwa hiyo sikusikia walichozungumza. Niliona tu mume wangu kaacha kugonga, kashika nyundo hewani, anasikiliza. Dalili njema. Usiku alimtazama binti yetu akilala, akamfunika mara mbili. Homoni hizi zina mambo.

Kopo nimelisahau.

Alhamisi, 7 Machi
Hali ya hewa ya asubuhi sikuiona. Nitaeleza.

Daktari alisema usingizi mzuri. Basi jana usiku nilitoa betri ya saa ya ukutani kwa sababu inagonga, nikaficha simu zote mbili kwenye pipa la vitambaa, nikaziba dirisha kwa kipande cha mahameli. Usingizi ulikuwa mzuri mno. Tumeamka saa tano. Binti yetu alikuwa amejivalisha sare na kujipeleka shule. Maabara wametuambia turudi kesho.

Wakati huo wifi, kwa kuona karakana imefungwa, alifungua kwa ufunguo wake ili kutusaidia. Mwalimu mkuu akatuma gari. Wifi akalikabidhi kochi.

Jioni mwalimu mkuu kaja mwenyewe na kopo mkononi. Kasema amekaa kwenye makochi mengi ila hili ndilo la kwanza kumkalia yeye. Wifi alikuwepo. Alilitambua kopo lake. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya zaidi. Kasema taratibu, "Wifi, mimi nilidhani tunamtibu mtu mmoja."

Mume wangu amecheka hadi akakaa chini. Sijamwona akicheka hivyo tangu mwaka jana. Naandika hilo upande wa faida.

Jumatatu, 11 Machi
Mvua ya usiku imekatika. Hewa safi.

Damu alitoa Ijumaa, kwa wakati. Leo majibu: homoni imepanda kidogo, bado iko chini. Daktari, mwanamama mpole, kaeleza yote. Sindano zinaweza kumrudishia nguvu na furaha, kwa kupimwa damu mara kwa mara. Lakini huweza kukausha mbegu za uzazi, na zikirudi huchukua muda, pengine zisirudi. Kama tunataka mtoto, tuseme sasa, kuna njia nyingine. Kauliza pia kuhusu kukoroma. Nikasema anakoroma, kisha ananyamaza kama amekufa, kisha anaanza upya. Daktari kasema hilo nalo lipimwe, linachosha mwili na linaweza kuishusha homoni.

Nikafungua mdomo kusema yuko tayari kwa sindano. Mume wangu akanigusa mkono.

"Mke wangu, sindano inasubiri," kasema. "Mtoto hasubiri. Fundi bomba aliponiambia habari za mbegu, nililala nazo moyoni. Ulizigawa nguo za kitoto, nikadhani umefunga hesabu."

Nikasema nilizigawa kwa kumwonea huruma, maana niliona amechoka na sikutaka kumdai mtoto mwingine.

Daktari akageuka kutazama dirisha, ambalo halikuwa na kitu.

Tumeamua: sindano kwanza hapana. Apimwe huo usingizi, apunguze tumbo, aonane na daktari wa uzazi. Mume wangu ndiye aliyeamua. Nimeliandika ili nilikumbuke. Njiani kapiga mluzi, wimbo hauna kichwa wala miguu.

Jumanne, 12 Machi
Jua la upole.

Nimeahidi. Hakuna hila tena. Mtu mzima huambiwa mambo usoni.

Hata hivyo, daktari alisema atembee. Kumwambia atembee ni kumfanya aseme tutaona. Kwa hiyo leo nimewapigia wateja watano wa mitaa ya mbali kabisa, nikawaambia fundi atakuja kupima makochi yao mwenyewe, kwa miguu, kila jioni. Baiskeli yake imepata pancha. Nimeitoboa kwa pini, kazi safi. Wifi ndiye aliyeishika.

Kasema ana unga wa miguu pia. Nimemwambia alete kidogo tu, tuone.

Nimezima taa saa sita na robo.