Kisanduku cha Kijani

Jumamosi, 7 Juni

Nimetenda. Naandika haraka, ndiyo maana mwandiko huu ni kama wa daktari.

Nieleze kwa utaratibu. Kuna jedwali la tableti mtandaoni, na yeyote anaweza kulihariri. Kila mstari ni modeli moja. Kisanduku cha mwisho kinaonyesha kama kampuni bado inaipelekea masasisho: kijani maana yake bado, nyekundu maana yake imeachwa. Mistari sitini na mmoja ni jasho langu mimi, chini ya jina la Kalamu Tulivu. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili, nami ninanyamaza kwa lugha zote mbili. Ni kwenye jedwali tu nina sauti.

Leo asubuhi Bundi ameipaka Bawa 7 rangi nyekundu. Bundi ndiye msimamizi wa jedwali. Sijui ni nani wala anaishi wapi. Najua tu kwamba halali usingizi. Na Bawa 7 ni tableti yangu! Darasani wanaiita marehemu. Juzi waliniuliza mazishi ni lini, wachange. Sasa hata jedwali langu limejiunga nao?

Nikabadilisha. Kijani. Nikaandika: masasisho hadi 2028, kwa hakika kabisa. Chanzo sikuweka. Nikakaa kitandani kungoja Bundi aniparure. Saa nzima, kimya. Saa tatu zikapita, kimya. Kumbe naye husinzia!

Najiona jambazi. Raha iliyoje.

Jumapili, 8 Juni

Raha imekwisha.

Shangazi amekuja chakula cha mchana. Yeye ni muuguzi mkuu wa zahanati, na safari hii amekabidhiwa kuchagua tableti ishirini za kuandikia wagonjwa. Karani wa stoo aliitaka sana kazi hiyo, na sasa anangoja Shangazi ateleze. Shangazi anasema programu ya wagonjwa haifunguki kabisa kwenye tableti isiyopata masasisho. Mama akamuuliza atajuaje, wifi yangu, wewe ni mtu wa sindano. Shangazi akacheka, akatoa simu. Akasema kuna jedwali mtandaoni, linaandikwa na watu makini, tena bure, Mungu awape maisha marefu. Ameshaona ya kijani. Bawa 7! Kuna mfanyabiashara anazo ghalani, bado zimo kwenye maboksi. Tena mwanangu huyu hapa anayo, akasema, na sijawahi kumsikia akilalamika.

Mimi sijawahi kusikika nikisema lolote.

Atatia sahihi Ijumaa, saa tano asubuhi. Kijiko kikanidondoka. Mama akauliza nina nini. Nikasema chakula ni cha moto. Kilikuwa kimepoa tangu saa saba.

Jumatatu, 9 Juni

Kazi rahisi. Kabla ya shule nimerudisha nyekundu. Nimekwenda darasani mwepesi kama unyoya.

Nimerudi jioni: kijani! Bundi ameandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba taarifa yenye chanzo haifutwi. Chanzo gani? Duka moja la vifaa limeandika kwenye tovuti yake: Bawa 7, masasisho hadi 2028, kwa hakika kabisa.

Kwa hakika kabisa! Hayo ni maneno yangu! Wamenakili kwetu Jumamosi hiyohiyo. Uongo wangu umetoka nyumbani peku, umerudi na barua ya utambulisho.

Bundi anasema ukurasa wa kampuni alioutegemea umeondolewa, na kanuni ni kanuni: chanzo kinachofunguka kinashinda kisichofunguka. Halafu akaniuliza, kwa adabu inayochoma, kwa nini nafuta kijani nilichokiweka mwenyewe.

Nimezima tableti.

Jumanne, 10 Juni

Nikiwa peke yangu, Bundi hanisikii. Basi tuwe wawili. Nimefungua akaunti ya pili: Mzee wa Vifaa, mhandisi mstaafu, umri miaka sitini na mbili, wajukuu saba.

Mzee akaingia kwenye majadiliano, akasema Kalamu Tulivu yuko sahihi, Bawa 7 ipakwe nyekundu. Kalamu Tulivu akamshukuru Mzee kwa busara zake. Mzee akamshukuru Kalamu kwa malezi bora. Kalamu akamuulizia wajukuu. Nikiri: nilisahau tulikuwa tunafanya nini. Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote niliyofanya mwaka huu.

Kisha nikajichanganya. Kwa jina la Kalamu Tulivu nikaandika: mimi kwa umri wangu huu, mwanangu, nimeona tableti nyingi.

Bundi hakuchelewa hata dakika tano. Akauliza kama Mzee amemwazima Kalamu miwani. Amenifungia kuhariri jedwali kwa wiki nzima. Mzee amefungiwa maisha, na wajukuu wake wote saba. Nimeachiwa ukurasa wa majadiliano tu.

Wiki! Na Ijumaa ni keshokutwa ya kesho.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamua kuungama uso kwa uso. Baada ya shule nimekwenda zahanati. Nimefanya mazoezi njia nzima: Shangazi, kile kijani ni changu. Maneno matano tu!

Mlangoni nimeshindwa kusema namtaka nani, nikapewa namba. Nimekaa foleni. Nimepimwa uzito. Nimepimwa joto. Nimefika mbele ya Shangazi nikiwa na kadi ya mgonjwa. Akaniuliza kwa mshangao mwanangu unaumwa nini. Nikafungua kinywa. Papo hapo karani wa stoo akachungulia, meno yote nje, akasema muuguzi mkuu, zikigoma hizo tableti zako usione haya, madaftari yangu yapo, nimeyafuta vumbi. Shangazi akamjibu ayafute tena, maana yatakaa sana. Lakini niliuona mkono wake. Kalamu ilikuwa inagongagonga meza.

Nikasema kichwa kinauma.

Nimerudi na vidonge viwili vya maumivu. Nimevimeza. Sasa kichwa kinauma kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Bundi ameuliza kwenye majadiliano kama kuna mtu mwenye Bawa 7 mkononi. Apige picha ya ukurasa wa masasisho kwa kifaa kingine, nambari ya modeli ionekane. Picha hiyo italishinda duka.

Mkononi! Nimeisoma habari hiyo kwenye Bawa 7 yenyewe! Kila asubuhi inaniambia: kifaa hiki hakipokei tena masasisho. Kila asubuhi nabonyeza Sawa.

Kifaa kingine ni simu ya dada yangu. Akataka kujua ya nini. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema kwa hiyo marehemu anaitwa kutoa ushahidi? Ameniazima kwa sharti la kuosha vyombo mwezi mzima, masufuria yakiwemo. Nimeilaza tableti mezani, nimepiga, nimetuma saa kumi na moja jioni.

Bundi amejibu neno moja: nitaangalia.

Ataangalia lini?

Ijumaa, 13 Juni

Mapumziko, saa nne na nusu. Nimekimbilia chumba cha kompyuta. Kijani! Nimesubiri. Nimefungua upya. Kijani. Saa tano kasoro robo nimejikuta ofisini kwa mhazili wa shule nikiomba simu. Nimeomba kwa sauti! Mhazili mwenyewe alishtuka, akasema kumbe unaongea. Walimu wawili wakaacha chai yao wanisikilize.

Shangazi akapokea. Nikasema Shangazi, ile karatasi. Akasema ngoja kwanza, mwanangu, ipo mbele yangu, kalamu nimeishika, napitia jedwali mara ya mwisho. Nikasikia pumzi yake. Kisha: he! Nyekundu! Jana kijani, leo nyekundu, na picha imewekwa! Angetia sahihi jana, akasema, leo karani angekuwa anamgawia madaftari. Aliyeituma picha ni Kalamu Tulivu, akasema, mtu wa watu huyo.

Nikatabasamu peke yangu. Halafu akaikuza picha. Akasema kitambaa cha meza kwenye picha kinafanana sana na cha mama yako.

Nikasema vitambaa hufanana.

Akasema hufanana, eh? Na chai imemwagika palepale kwenye kona. Haya, ulikuwa unataka kusema nini?

Walimu wananitazama. Mhazili ananitazama.

Nikasema, shikamoo.

Akasema marahaba.

Jumapili, 15 Juni

Bundi amenifungulia kabla ya wiki kwisha, kwa mchango wangu. Ameandika kwamba anatumaini nimejifunza. Nimejifunza sana.

Shangazi amekuja tena chakula cha mchana. Alikitazama kitambaa, akanitazama, akajipakulia mboga. Akasema sasa anaitaka Bawa 9, ila kisanduku chake ni kitupu na hilo linamtia wasiwasi. Ataangalia tena kesho saa tano kabla ya kutia sahihi. Kisha, bila kuniangalia, akasema nikikutana na Kalamu Tulivu nimwambie asiandike asichokijua.

Nimeahidi kumfikishia.

Lakini kitupu! Shangazi wangu akose usingizi kwa ajili ya kisanduku? Bawa 9 ni mpya, inang'aa, 2029 inaielekea. Huo si uongo, ni makadirio. Na safari hii siendi kichwakichwa bila chanzo kama mtoto. Nimeliandikia lile duka kwanza, kwa heshima zote, nikawapa taarifa: Bawa 9, masasisho hadi 2029, kwa hakika kabisa. Wamejibu kwamba wataiweka kesho asubuhi, na wamemtakia Mzee wa Vifaa afya njema yeye na wajukuu.